Nilipoona tarehe kwenye chupa ya damu ya mwanangu

SWALI

Shikamoo mzee wangu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Kifungua mimba wangu, wa kiume, ana miaka saba na ana sikoseli. Mwishoni mwa mwezi wa tatu alishikwa na homa, akalegea, macho yakawa ya njano na viganja vyake vyeupe kama karatasi. Tarehe 1 Aprili tukafika hospitali saa mbili asubuhi. Wakampima, damu 4.1. Dokta akasema aongezewe mara moja.

Damu ililetwa saa nne kasoro. Nesi aliiweka kwenye kimeza cha pembeni ya kitanda, akamwita mwenzake aliyekuwa kitanda cha pili waje wasome majina pamoja. Mimi nikaishika. Ilikuwa ya baridi sana, na rangi yake nyeusi nyeusi, kama juisi ya rosela iliyokolea. Nikasoma lebo: imechangwa 3 Machi, mwisho wa matumizi 7 Aprili. Nikahesabu kwa vidole. Siku 29.

Mzee, nilikataa. Shemeji yangu yuko Uingereza, kazi yake ni kulea wazee. Aliwahi kututumia ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia kwamba damu ikizidi wiki mbili inageuka sumu, na kwamba wenzetu huko wameshathibitisha. Nikamwambia nesi kwamba mdogo wangu wa kiume yuko njiani, ana grupu moja na mtoto, atatoa damu mpya, ya moto. Nesi akakasirika, akaniambia damu hiyo ina watu wanaoililia, akaichukua palepale akairudisha maabara. Mdogo wangu alifika saa saba. Wakamtoa damu, lakini wakasema haiwezi kutumika mpaka ipimwe yote, na majibu si ya siku hiyo. Saa nane mtoto akaanza kuhema kwa tabu. Nikakubali. Ikarudi chupa ileile.

Ilipoletwa, mama mkwe aliifunga kwenye kanga akaibana kwapani ili itoke ubaridi, nesi akamnyang'anya. Jioni mtoto akatetemeka, homa ikafika 38.6. Walisimamisha damu kidogo, wakamwangalia, wakampa dawa, wakaendelea polepole. Asubuhi homa haipo. Siku ya tatu damu ilikuwa 7.2, tukaruhusiwa. Sasa yuko shule.

Lakini silali. Upande wa mume wangu wanasema nilitaka kumuua mtoto kwa ubishi. Upande wangu wanasema nilikuwa sahihi, na ile homa ndiyo ushahidi. Je, damu ya zamani imemharibu kitu ndani? Safari ijayo nidai damu mpya? Na ile ya mdogo wangu si ingekuwa salama zaidi, maana ni damu yetu?

Mama mwenye mashaka, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa yote uliyopitia. Mama anayesoma lebo kabla damu haijaingia kwa mwanawe sina ugomvi naye hata kidogo. Nimefanya kazi ya maabara ya damu miaka 26, nimetoa chupa kwenye kile kidirisha usiku na mchana, na ndugu wa wagonjwa walioniuliza tarehe hawajai mkono mmoja. Usiache kusoma.

Ila nikujibu waziwazi, maana ndicho ulichoniandikia. Damu ya siku 29 haikuwa sumu. Kilichomweka mwanao hatarini siku ile ni muda wa zaidi ya saa nne aliokaa na damu 4.1 akisubiri damu nyingine. Sikwambii ili nikuumize. Nakwambia kwa sababu sikoseli ni safari ndefu na siku kama ile inaweza kurudi, na nataka ikirudi usiwe na shaka mkononi.

Shemeji yako hakutunga yote. Damu ikishatoka mwilini inaingia kwenye mfuko wenye dawa ya kuizuia isigande na sukari ya kuzilisha chembe nyekundu, kisha inawekwa kwenye friji la nyuzi 2 hadi 6. Baridi hiyo inazifanya chembe zisinzie, lakini hazilali kabisa. Zinaendelea kula sukari kidogo kidogo na kutoa taka, na ndani ya mfuko hakuna figo wala ini wala mapafu ya kuziondoa. Wiki zinavyopita, chembe iliyokuwa laini, bapa, imebonyea katikati, inaota vijipembe na kuwa ngumu. Potasiamu iliyokuwa ndani yake inavuja nje. Ile kemikali inayoisaidia himoglobini, yaani kile kibeba oksijeni cha ndani ya chembe nyekundu, kuachia oksijeni, kwa kifupi inaitwa DPG, ikifika wiki ya pili imekwisha karibu yote. Chembe chache zinapasuka. Hayo yote ni kweli, na wataalamu wa damu wanayajua kwa miaka mingi.

Ndiyo sababu pakawekwa mwisho wa matumizi, na mwisho huo haukukisiwa. Chembe zilizohifadhiwa hutiwa alama, hurudishwa kwa mtu, kisha huangaliwa ni ngapi zinazunguka bado baada ya saa 24. Kiwango kinachokubalika ni angalau 75 kwa mia. Dawa ya kwenye mifuko ya kawaida inazifikisha chembe salama siku 35. Mifuko yenye dawa ya nyongeza inafika siku 42. Hesabu mwenyewe kutoka 3 Machi hadi 7 Aprili, utapata 35 kamili. Chembe zilizochoka zaidi hukamatwa na wengu na ini siku ileile ya kwanza. Zilizobaki, zikishapata joto na chakula cha mwili wa mtoto, hutengeneza DPG upya ndani ya siku moja hadi tatu na kuendelea na kazi. Kile kipimo cha 7.2 siku ya tatu ndizo hizo.

Na ule weusi usikutishe. Damu ya kuchangia hutolewa kwenye mshipa unaorudisha damu moyoni, imeshaachia sehemu ya oksijeni yake. Hata ya jana ungeikuta vile.

Hilo la wiki mbili lilipotoka napafahamu. Mwaka 2008 madaktari wa Cleveland, Marekani, walipekua mafaili ya wagonjwa 6,002 waliopasuliwa moyo. Waliopewa damu iliyozidi siku 14 walikuwa wamepata matatizo zaidi na kufa zaidi kuliko waliopewa damu changa. Habari ikazunguka dunia, na hofu ikafuata nyuma. Lakini yale yalikuwa mafaili ya nyuma. Hakuna aliyewapangia wagonjwa kwa kura nani apate ipi, na makundi yale mawili hayakufanana tangu mwanzo, hata kwa grupu za damu. Ukilinganisha watu wasiolingana, huwezi kujua kilichowaumiza ni damu au ni hali waliyokuja nayo.

Basi wakafanya inavyotakiwa, yaani kwa kura. Kwa wagonjwa mahututi wa Kanada na Ulaya, matokeo yakatoka 2015. Kwa wa upasuaji wa moyo Marekani, mwaka huohuo. Mwaka 2016 ukatoka utafiti mkubwa kuliko yote, ambao hesabu yake kuu ilikuwa ya wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi nne: waliopewa damu changa walifariki hospitalini 9.1 kwa mia, waliopewa iliyokaa zaidi 8.7 kwa mia. Australia na wenzao 2017, hadithi ileile. Watoto mahututi 2019, hivyohivyo. Damu changa haikuokoa maisha zaidi popote pale. Mtu anayerudia leo maneno ya 2008 bila kutaja yaliyofuata amebeba nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo iliyokufikia wewe kando ya kitanda.

Lakini utafiti ninaotaka uukumbuke wewe, mama wa mtoto wa sikoseli, haukufanyika Ulaya. Ulifanyika hapa jirani, hospitali ya Mulago, Kampala, kati ya Februari 2013 na Mei 2015. Watoto 290, wa miezi 6 hadi 60, wote wameletwa na damu 5 au chini ya hapo, wengi wao wakiwa na malaria au sikoseli. Yaani watoto kama wako. Nusu yao, 145, walipewa damu ya siku 1 hadi 10. Nusu nyingine ya siku 25 hadi 35, na nyingi katika hizo zilikuwa na mwezi mzima na zaidi, kongwe kuliko ile uliyoishika wewe. Wakapima laktati, ile asidi inayojikusanya mwili ukikosa oksijeni, kwa sababu swali lilikuwa moja: damu iliyokaa inabeba oksijeni au haibebi? Baada ya muda wa saa nane, laktati ilikuwa imeshuka hadi 3 au chini kwa watoto 61 kati ya kila 100 waliopewa damu changa, na 58 kati ya kila 100 waliopewa kongwe. Hiyo si tofauti ya kumsubirisha mtoto. Nilipousoma kwa mara ya kwanza nilikumbuka wazazi wote niliowaona wakigoma pale dirishani, na moyo ulinisononeka kwamba jibu hili lilikuwa bado halijapatikana wakati ule.

Wapo ambao umri wa damu kwao ni jambo la kuangalia kweli. Kichanga anayebadilishiwa damu yote au kupewa nyingi kwa mkupuo hupewa ya siku chache, kwa sababu potasiamu iliyovuja ikimwingia kwa wingi na kwa haraka inaweza kusimamisha moyo. Vivyo hivyo damu iliyopigwa mionzi, na mgonjwa anayesukumiwa chupa nyingi kwa kasi kwenye mshipa mkubwa. Kwa mtoto wa miaka saba anayedondoshewa polepole, hofu hiyo haimhusu: potasiamu iliyovuja kwenye mfuko mzima kwa kawaida haizidi ile ya ndizi moja. Na kwa wenye sikoseli wanaoongezewa kila mwezi kwa mpango, miongozo ya nchi kama Uingereza hupendelea damu isiyokaa sana, inapopatikana, ili chembe zidumu zaidi mwilini na mtoto asirundikiwe madini ya chuma mapema. Kwa hiyo kama siku moja kliniki itampangia mwanao damu ya kila mwezi, una haki ya kuuliza, na si swali la kijinga. Ila hilo ni la siku ya miadi, mtoto akiwa anacheza. Akiwa na 4.1 anahema, damu nzuri ni ile iliyolinganishwa naye na iliyopo.

Sasa nikueleze kinachoharibu damu kuliko tarehe, maana nimekiona kwa macho. Kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, umeme ulikatika usiku na jenereta haikuwaka. Nilifika alfajiri, nikafungua friji, mlango ulitoka bila ule mvuto wake wa kawaida. Kipimajoto kilisoma nyuzi 13. Ndani kulikuwa na chupa 11, moja imechangwa siku tatu tu nyuma, lebo yake bado nyeupe. Nilizitupa zote, na ile ya siku tatu niliitupa kama wenzake. Tarehe yake ilikuwa nzuri kuliko ya mwanao, lakini mdudu mmoja wa bakteria akipata joto kwenye mfuko wa damu anazaana kama kwenye uji, na huwezi kumwona. Siku hiyo tulikuwa na akina mama wawili wodi ya wazazi wanaosubiri. Sijaisahau.

Ndiyo maana nakuomba ufikishe salamu zangu kwa mama mkwe, kwa heshima zote: kanga na kwapa hapana. Najua alifanya kwa huruma, mtoto asiingiwe na ubaridi. Lakini damu haipashwi mwilini, wala juani, wala kwenye beseni la maji ya moto. Ikipata joto la kubahatisha, chembe hupasuka na bakteria huamka. Damu ikidondoka polepole, mwili wenyewe unaipasha. Ikitoka friji ianze kuingia ndani ya dakika 30, imalizike ndani ya saa nne. Nesi yule alipoikimbiza maabara dakika uliyokataa, aliiokoa chupa ile, na ndiyo maana iliweza kurudi saa nane. Alikosea kukukasirikia badala ya kukueleza, hilo nakubaliana nawe. Lakini mkono wake ulijua kazi.

Kuhusu homa ya jioni, hapa kidogo una haki. Ndani ya damu huwa na chembe nyeupe za mchangiaji, na zikikaa kwenye mfuko huachia vitu vinavyoleta homa na kutetemeka. Damu ya utafiti wa Mulago ilikuwa imechujwa chembe nyeupe. Nyingi ya kwetu haichujwi. Kwa hiyo muda wa kukaa unaweza kuchangia homa ya namna ile. Inasumbua, inatisha, lakini inapita na haiachi kovu ndani. Huwezi kujua ni hiyo mpaka uondoe mabaya zaidi, na ndicho walichofanya: wakasimamisha, wakaangalia, wakaendelea. Mtoto akiongezewa damu tena, kaa naye karibu, hasa dakika 15 za mwanzo. Akisema mgongo unauma, akitetemeka, akihema kwa shida, akitokwa na vipele, au mkojo ukiwa mweusi kama kokakola, piga kelele nesi afunge dripu hapohapo. Na kwa kuwa umeniuliza kama kitu kimeharibika ndani, waombe kliniki wapime figo kwenye ziara ijayo. Watoto wa sikoseli hupimwa figo hata bila hili, nawe utalala.

Tunakuja kwa mdogo wako. Wengi wanaamini damu ya ndugu ni salama zaidi, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana si hivyo. Lazima ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, kama ya mtu yeyote. Ndugu anayebanwa na familia pale hospitalini ni vigumu kusema ukweli kuhusu maisha yake, tofauti na mtu aliyekuja kwa hiari yake bila kumjua mgonjwa. Tena kuna ugonjwa nadra ambao damu ya ndugu wa karibu huwa na hatari nao zaidi: chembe nyeupe za ndugu zinafanana na za mgonjwa kiasi kwamba mwili wake hauzitambui kuwa ni za mgeni, zinabaki, kisha zinamshambulia. Ni nadra sana, lakini ukimpata mtu ni vigumu kupona. Na ile "ya moto" ina hasara moja zaidi: kijidudu cha kaswende hakistahimili siku nyingi za friji, kwa hiyo baridi hiyo unayoiogopa inafanya na kazi ya ulinzi.

Safari ijayo, usome lebo kama ulivyosoma, lakini ongeza macho. Jina la mtoto na namba yake vifanane na karatasi, grupu lilingane, na wauguzi wawili wasome kwa sauti. Damu ya grupu lisilolingana inaweza kuua. Hapo ndipo ubishi wa mama unapotakiwa. Tarehe isiwe imepita. Mfuko usivuje, usiwe na mabonge wala mapovu, na yale maji ya juu yasiwe ya zambarau. Ukikuta moja ya hayo, kataa, nami nitakuwa upande wako. Ukikuta ni siku ya 29, 30 au 34, acha iingie. Maabara hutoa kwanza ile inayokaribia mwisho, na wanafanya makusudi. Kila mmoja akidai changa, kongwe zitaishia kwenye tanuri la taka na friji litabaki tupu.

Nunua daftari dogo la mtoto. Andika kila tarehe aliyoongezewa, kiasi, na kama alipata homa. Mtoto anayeongezewa mara nyingi anaweza kujenga kinga dhidi ya damu za watu, na daftari hilo litawasaidia maabara kumtafutia inayomfaa. Na uliza kliniki kuhusu dawa ya haidroksiyurea kama hajaanza. Ilijaribiwa kwa watoto 606 wa sikoseli Angola, Kongo, Kenya na Uganda, matokeo yakatoka 2019: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua, na haja ya kuongezewa damu ikapungua pia. Hilo kwangu ni kubwa kuliko mjadala wote wa tarehe.

Kwa wakwe, waambie mimi nimesema hukutaka kumuua mtoto. Ulipewa habari nusu na hukupewa mtu wa kukumalizia.

Na mdogo wako asidhani alipoteza safari. Kama majibu yake yalikuwa safi, damu yake iliingia kwenye friji, ikakaa siku zake, ikaenda kwa mtoto wa mtu mwingine. Mwanamume anaruhusiwa kuchangia tena baada ya miezi mitatu, kwa hiyo mwezi wa saba anaweza kurudi. Wachangiaji wetu wengi ni wanafunzi, na shule zikifungwa akiba hushuka vibaya. Mwambie aende bila kusubiri kuitwa.